Mlango wa Arobaini na Moja

Miguu yangu huanza kuuma saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi ndipo shuka za wodi za wanaume zinapoletwa. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Nasimama mbele ya mashine ya pasi yenye urefu wa kitanda, naingiza shuka upande huu, mwenzangu anaipokea upande ule, na siku inapita hatujasemeshana. Si kwamba tumenuniana. Ni joto tu, na mtu akifungua mdomo mle ndani anameza mvuke.

Zamani sikuwa mpiga pasi. Kwa miaka kumi na mitatu nilikaa kwenye chumba cha uangalizi cha mtambo wa mawimbi, lile jengo la zege lililoingia baharini nusu yake. Sisi tuliofanya kazi humo tulikiita Kifua, kwa sababu kilikuwa kinapumua. Wimbi linaingia kwa chini, linasukuma hewa kwenda juu, hewa inazungusha feni kubwa kuliko chumba changu cha kulala. Wimbi likirudi linaivuta hewa, na feni inazunguka tena. Umeme wa mji mzima ulitoka kwenye hiyo kazi ya kuvuta na kutoa pumzi. Wageni walisema sauti yake inatisha. Mimi ilikuwa inanipa usingizi, jambo ambalo mwangalizi wa mitambo hatakiwi kulisema.

Tatizo la Kifua ni kwamba bahari ikitulia, watu wote wanakaa bure. Unaweza kukaa siku tatu unatazama mishale isiyocheza. Ndipo mume wangu akatuletea mchezo.

Mume wangu tulimwita Kimya, kwa kuwa hakuwahi kunyamaza. Alikuwa mzibuaji. Kazi yake ilikuwa kuingia handaki la chini, kule wimbi linakopita, kukwangua makombe yaliyong'ang'ania ukutani na kuzoa mchanga. Mle ndani palikuwa na simu ya waya ya ukutani, na mimi juu nilikuwa naisikia kutwa nzima: ndoto aliyoota, nani kakosana na nani, chai yangu ilivyokuwa nyepesi. Nilikuwa nafanya kazi na redio isiyozimika.

Mchezo wenyewe hauna ubao. Mtu mmoja anakuwa Msimulizi, anaeleza dunia ilivyo. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na anasema mtu wake anafanya nini. Penye shaka, dadu inaamua. Kimya alinifanya mimi Msimulizi kwa sababu, alivyosema, neno langu ndani ya nyumba lilikuwa tayari ndilo la mwisho. Tukachukua Kifua, tukakitia chumvi. Tukasema miaka mia tatu ijayo majivu yamefunika jua, na waliobaki hai wanaishi kwa nguvu ya bahari tu. Kuna mji wa Wimbi, ambao watu wake wanalala na kuamka kwa kufuata pumzi ya mtambo. Kuna mji wa Kupwa, ambao kalenda yao ni mwezi wasioweza kuuona. Maji yakigeuka wanafanya kazi, maji yakilala nao wanalala. Kuna mji unaoelea wenye bomba refu la kuvuta maji baridi ya kilindini, na huko tajiri anajulikana kwa kikombe chake kutoa jasho. Na kuna mji wa Chumvi, mdomoni mwa mto, ambako umeme unapatikana pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Watu wa Chumvi hawaoi kwao. Wanaamini hakuna nguvu bila vitu viwili visivyofanana.

Ramani ya mji wa Wimbi sikuibuni. Niliikopi kutoka kwenye mchoro wa jengo uliokuwa umebandikwa juu ya meza yangu ya kazi, ngazi kwa ngazi, mlango kwa mlango, kwa sababu wachezaji wangu walikuwa mafundi na fundi ukimdanganya kipimo hakusamehe.

Wachezaji wenyewe walikuwa wanne. Kimya, ambaye mtu wake aliitwa Mzibuaji, maana hakuona haja ya kubuni kazi nyingine. Wifi yangu, mdogo wake Kimya, fundi umeme wa vyumba vya juu. Mpishi wa kantini, mama mpole ambaye kwenye mchezo aligeuka kapteni mkali asiyesikia la mtu. Na Mzee Grisi, aliyekuwa akipaka grisi kila kinachozunguka na kila kinachofunguka, ambaye mtu wake alijiita Bwana wa Milango Arobaini, maana Kifua kilikuwa na milango arobaini na yeye alizijua bawaba zote.

Sheria ya meza aliiweka Kimya. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno la Msimulizi likishatoka halirudi. Nikisema mvua inanyesha, inanyesha. Nikikosea, tunaishi na kosa.

Jumamosi moja tulimaliza mchezo pabaya. Mzibuaji alikuwa ndani ya handaki, mnyororo unaoinua lango la kuzuia bahari umekatika, maji yanapanda. Kengele ya zamu ikalia, nikafunga daftari.

"Unaniacha na maji ya kiuno?" Kimya akalalamika.

"Vumilia mpaka Jumamosi," nikamwambia.

Jumanne mnyororo wa kweli ukakatika. Haukuwa uchawi. Mnyororo ule sote tulijua umechoka. Tuliuandikia ripoti mara nne, na niliutia kwenye mchezo kwa sababu ulikuwa unaninyima usingizi. Handaki lilikuwa na njia moja tu ya kuingilia. Hiyohiyo ndiyo ya kutokea, na hiyohiyo ndiyo maji yalipitia. Simu ilikuwa wazi, na mimi nilikuwa kwenye kiti changu. Aliyoniambia sikumwambia mtu.

Baada ya miezi miwili tukakaa tena mezani, si kwa kutaka, ila hatukujua pengine pa kwenda. Wifi akaweka dadu ya kaka yake mbele yangu.

"Msimulizi," akasema. "Mzibuaji yuko wapi?"

Wote walinitazama. Mpishi alikuwa ameshaanza kulia kwenye aproni yake. Nikasema, "Kushoto kwake, hatua kumi na mbili kutoka langoni, kuna mlango. Unaingia chumba cha pampu."

Wifi akarusha dadu. Mzibuaji akatoka, na mlango nikauchora kwenye ramani.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Kifua kilifungwa mwaka uleule, sisi tukatawanyika kutafuta riziki, lakini Jumamosi saa nane mchana watu hawa wanakuja sebuleni kwangu, na Wifi anawasemea watu wawili, wake na wa kaka yake. Mzibuaji ameshazunguka miji yote minne. Ameoa Chumvi. Ana mvi. Mume wangu anazeeka bila mimi, na mimi ndiye ninayemzeesha, kila wiki, baada ya siku sita za kupiga pasi shuka za wagonjwa. Nimechoka. Nilishachoka mwaka wa pili, lakini nani angekwenda kumwambia Wifi kwamba Jumamosi hakuna mchezo?

*

Mwaka huu kampuni mpya imechukua Kifua ili kukifufua. Ofisi ya zamani ilikuwa imeingiwa na maji na michoro yote ikawa uji. Wifi, aliyeajiriwa kuongoza kikundi cha kwanza cha kuingia handakini, akaja kwangu. "Naazima ramani, wifi." Nikampa bila kuinua kichwa, nilikuwa nimeloweka miguu kwenye beseni.

Alhamisi wakaniita mkutanoni, kwenye iliyokuwa kantini. Nilitoka kazini moja kwa moja, nywele zinanuka sabuni ya hospitali. Mpishi na Mzee Grisi walikuwa wameitwa pia, wanatabasamu kama watu waliorudishiwa nyumba yao. Mhandisi wa kampuni, dada kijana mwenye macho mekundu ya kazi nyingi, akatandaza mchoro mpya mezani.

"Wazee wangu, nawashukuru," akasema. "Nilipoambiwa hii ramani imetoka kwenye mchezo nilicheka. Halafu tukapima sehemu kumi za juu. Zote sawasawa, hata kiganja kimoja hakikuzidi."

Nikafurahi. Lazima niseme ukweli, nilifurahi kwa dakika nzima. Halafu nikaona kidole chake kinakwenda kushoto mwa handaki.

"Kanuni hairuhusu mtu kuingia mahali penye njia moja mpaka mdomo uzibwe kwa mabamba ya chuma. Mabamba yatafika baada ya wiki tano. Lakini kwa kuwa kuna mlango huu wa pili, tunaruhusiwa kuinua lango tu na kuingia. Na maji yatakupwa vizuri Jumatatu mpaka Jumatano, kwa sababu ni bamvua. Chumba cha pampu kimejaa maji mpaka kifuani, kikundi kingine kitayanyonya asubuhi hiyohiyo." Akainua macho. "Mlango huu kuna aliyeuona kwa macho yake?"

Mikono mitatu ikainuka.

"Mwanangu," akasema Mzee Grisi, "bawaba zake nimezipaka kwa mkono huu. Ulikuwa unalia kama mbuzi. Nilikuwa na milango arobaini na mmoja, na ule ndio ulionisumbua kuliko yote."

"Mimi nimewahi kupeleka chai pale," akasema Mpishi.

"Nami nitatangulia," akasema Wifi. "Lile handaki nalijua kuliko jiko langu."

Wifi hakuwahi kukanyaga handakini maisha yake yote. Wala Mpishi, wala Mzee Grisi, maana bawaba za chini alikuwa anazipaka Kimya mwenyewe. Walioingia mle walikuwa wawili, mmoja alihama zamani na mmoja nilimzika. Nilipaswa kusema palepale. Watu watatu wenye akili timamu walikuwa wanaukumbuka mlango, mpaka sauti yake, na mimi nilikuwa nimesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nikajiuliza kama ni mimi niliyekosea. Miaka tisa nimewapitisha watu pale, wakikimbia moto, wakikimbia maharamia, wakibeba majeruhi. Nami nikifumba macho naiona rangi yake, ya kijani iliyobanduka.

Tulitoka pamoja, mimi na Wifi, tukashika njia ya kituoni. Alikuwa amebeba kofia yake mpya ya kazi kwapani.

"Unajua kinachoniuma mpaka leo?" akasema. "Hatua kumi na mbili. Mtu mzima, kazi ameifanya miaka kumi na mmoja, anashindwa kutembea hatua kumi na mbili. Alikuwa anapiga soga kwenye ile simu, najua. Mdomo wake ndio uliomponza."

Nikasimama.

"Miaka yote hii nimemkasirikia, wifi. Sikukwambia kwa sababu ni mumeo. Lakini Jumatatu nikifika pale nitaugonga huo mlango, nimwambie, ona kaka, ulikuwa hapa hapa."

Basi lake likaja. Nilimwambia tu, "Umechoka, kalale."

*

Ijumaa niliunguza mkono kwenye mashine kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Mwenzangu akanipaka dawa ya meno bila kuuliza kitu.

Jioni nikashusha madaftari kutoka juu ya kabati. Yako kumi na saba. La kwanza lina mafuta ya mitambo kwenye jalada. Ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wangu wa siku zile za kuketi, nimeandika: Grisi, Bwana wa Milango Arobaini. Chini yake ipo orodha, maana alikataa kucheza mpaka niiandike yote. Mlango wa kantini. Mlango wa stoo, unalia kama mbuzi. Mlango wa feni. Arobaini kamili, na yeye mwenyewe alitia sahihi.

Wa arobaini na moja uko daftari la nne, peke yake kwenye ukurasa, kwa mwandiko unaoyumba. Nimeandika neno moja tu. Mlango.

Kwa hiyo sikuwa nimekosea. Nilikaa sakafuni, mgongo kabatini, nikashika simu nimpigie Mhandisi, nikaiweka. Nikaishika tena. Niliogopa. Nilikuwa naona kwamba nikisema mlango haupo, namrudisha Kimya majini kwa mkono wangu, na safari hii dada yake anatazama. Lakini kutosema ni kumpeleka na dada mtu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miaka tisa na bado ilikuwa inaishia palepale, langoni. Nikaamua Wifi alisikie kwangu kwanza, ana kwa ana, na lazima iwe kabla ya Jumatatu.

*

Jumamosi walifika kama kawaida. Mzee Grisi alivua viatu mlangoni akalalamika kwamba bawaba yangu inataka mafuta. Mpishi alileta biskuti. Wifi aliweka mbele yake watu wake wawili: kizibo cha chupa, ambacho ni yeye, na pete ya mpira ya bomba, ambayo ni Mzibuaji. Ramani ilikuwa imerudishwa, imekunjwa vizuri, ina muhuri wa kampuni pembeni.

Nilikuwa nimejipangia maneno. Yote yakapotea. Ikabaki njia moja ninayoijua ya kusema kitu wale wakanisikiliza.

"Mzibuaji yuko handakini," nikaanza. "Mnyororo umekatika. Maji yanapanda."

"Tena?" Wifi akacheka. "Haya. Anakwenda kushoto, hatua kumi na mbili, anafungua mlango."

"Hakuna mlango."

Alikuwa ameshainua dadu. Mkono ukabaki hewani.

"Umefungwa kwa nje?" akauliza Mpishi.

"Haupo. Ni ukuta."

"Msimulizi," akasema Mzee Grisi, kwa upole kabisa, "neno likishatoka halirudi. Mlango ulishausema."

"Leo linarudi, mzee. Na halirudi kwenye mchezo tu. Kule kwenyewe, chini ya Kifua, mlango ule haupo na haujawahi kuwepo. Niliubuni mimi. Jumatatu Wifi anaingia mahali penye njia moja."

Nikafungua daftari la kwanza, nikalisukuma mbele ya Mzee Grisi. Alitoa miwani, akaweka kidole kwenye orodha, akashuka nayo midomo ikicheza. Alipofika kwenye sahihi yake alivua miwani.

"Arobaini," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi mwenyewe nilijiita arobaini. Sasa huo unaolia kama mbuzi?"

"Wa stoo."

"Wa stoo," akarudia. Alionekana mzee ghafla, na nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. "Mwanangu, Alhamisi ningeapa. Mkono huu ulikuwa unakumbuka."

"Na mimi chai nilipeleka wapi?" Mpishi akauliza.

"Kwenye mchezo, dada. Ulikuwa kapteni. Uliwapelekea majeruhi wa Kupwa."

"Mungu wangu," akasema Mpishi. "Hata sukari niliikumbuka."

Wifi alikuwa hajasogea. Alikuwa anatazama ramani, pale kushoto. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi kaka alikuwa anakwenda wapi?"

"Asingeweza kwenda popote. Hapakuwa na pa kwenda."

"Hatua kumi na mbili."

"Hatua kumi na mbili kushoto ni zege, wifi. Zege tupu."

Akasimama, kiti kikaanguka. "Miaka tisa namwita mzembe! Kila siku! Nikipita kaburini kwake namsema! Na wewe umekaa hapo unarusha dadu!"

"Sikujua kama unamsema. Nimejua juzi, kituoni. Nilikupa mlango ili upumzike. Sikujua uliuchukua ukampelekea yeye."

"Mara ya kwanza ungeniambia ni uongo."

"Ndiyo."

"Mara ya pili!"

"Ndiyo, wifi."

Mpishi aliinua kiti. Wifi hakukaa. Alishika mgongo wa kile kiti kwa mikono yote miwili, na akauliza swali ambalo nililikimbia miaka yote hiyo.

"Wewe ulikuwa kwenye simu. Alisema nini?"

Nikamwambia. Kwanza alitukana mnyororo, matusi mazito, halafu akaniomba radhi kwa matusi. Akasema maji yamefika magotini na ni baridi. Akasema nisitume mtu, kwa kuwa atakayekuja atapitia palepale maji yanapopita, na mimi nilijua ni kweli, na sikutuma mtu. Halafu akacheka. Akasema, maji ya kiuno, mke wangu, kama Jumamosi.

"Halafu?"

"Halafu akaniita Msimulizi. Akasema, 'Msimulizi, yule mwenzangu usimwache humu. Jumamosi mtafutie mlango.'"

Mzee Grisi aligeuza uso ukutani.

"Akaendelea kuongea," nikasema. "Mambo ya kawaida tu. Mambo ya nyumbani. Simu ndiyo iliyonyamaza, si yeye."

Wifi akakaa. Nilidhani atalia, lakini alifunika uso kwa viganja na akabaki hivyo mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nalia mimi, bila sauti, kama mtu anayetoka jasho.

Alipoinua kichwa alichukua simu yake, akapiga.

"Mhandisi, samahani kukusumbua siku ya mapumziko. Ule mlango wa handaki haupo... Hapana. Sikuuona. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuona... Najua tulinyoosha mikono. Tulikuwa tunaukumbuka mchezo... Ndiyo, kibali nimekisaini mimi, nitakuja kukifuta mimi... Wiki tano, sawa. Tutasubiri mabamba."

Alisikiliza kidogo. "Kosa ni letu sote," akasema, akakata.

Kisha akachukua penseli yangu. Nilidhani ataukata mlango kwa hasira, lakini aliukata kwa mstari mmoja mwembamba, wa kifundi, na pembeni akaandika tarehe, kama inavyotakiwa mchoro ukisahihishwa. Akainua ile pete ya mpira kutoka kwenye ramani.

"Alikuomba umtoe, na ulimtoa," akasema. "Ungeniambia tu kwamba aliomba." Akaiweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole. "Mimi simsemei tena. Nimechoka, wifi."

"Na mimi."

Hatukuagana, kwa sababu hakuna aliyeondoka. Wifi aliegemeza kichwa ukutani akafumba macho. Mpishi alikwenda kupasha chai. Mzee Grisi alirudia daftari, akaanza kuhesabu upya kwa vidole kuanzia kantini, mlango kwa mlango, na mimi nikavua viatu, nikaweka miguu juu ya kiti cha Kimya, nikamsikiliza mpaka alipofika arobaini.